Genge la Reli, Genge la Redio

Mama yangu alikuwa na hoteli Timboroa, kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret. Nasema hoteli kwa maana yetu ya Kenya: kibanda cha mbao, mabenchi, meko ya kuni, na sufuria ya chai isiyoondoka motoni. Watu wa mbali wakisikia kwamba ikweta inapita jirani hudhani kuna joto. Timboroa kuna ukungu na mvua ya mawe. Reli inayopita hapo hufika futi 9,136 juu ya usawa wa bahari, na shuleni tulifundishwa kujivuna kwamba hakuna reli nyingine ya Jumuiya ya Madola iliyopanda kiasi hicho. Dereva wa trela aliyetoka Mombasa na shehena ya Kampala alifika kwetu alfajiri vidole vimekufa ganzi, na kitu cha kwanza alichotaka si chakula, ni nafasi karibu na moto. Baridi hiyo ndiyo iliyotulisha, na ndiyo iliyotuletea nyimbo.

Ninayosimulia ni ya mwisho wa miaka ya 1990 hadi 2004 hivi, nikiwa kijana wa kuosha vikombe na kuchoma mahindi. Redio kaseti ilikaa juu ya rafu ya unga, ikila betri kuukuu ya gari, maana stima haikuwa imefika safu yetu ya vibanda. Mama alikuwa na sheria yake: dereva au tanboi, yaani utingo wa lori, anayekula ana haki ya kuomba kaseti yake ichezwe, mradi isiwe na matusi. Zamani sheria hiyo haikumsumbua mtu. Zilizopendwa alizijua zote, Injili haina matusi, na Kilingala, kwa kuwa hakuna aliyekielewa, kilihesabiwa kuwa safi. Taabu ilianza vijana wa Nairobi walipoanza kuimba kwa lugha ambayo mama alisikia nusu yake. Nusu aliyoisikia ilimtia wasiwasi kuhusu nusu ya pili.

Basi akanipa kazi. "Wewe unayesoma, niambie huyu anasema nini, ama nizime."

Wimbo wa kwanza kunitoa jasho ulikuwa "Tafsiri Hii" wa Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora: Kama, Johnny na Oteraw. Jina lenyewe lilikuwa sawasawa na amri ya mama. Kabla yao, rap tuliyoijua ilikuwa ya Wamarekani, au ya Wakenya walioiga Wamarekani hadi kikohozi. Hawa walitema Kiswahili na Sheng ya Eastlands, wakataja njaa, polisi na mtaa bila kumpaka mtu mafuta. Kiswahili changu cha darasani kilikuwa na methali za kutosha ila hakikuwa na maneno hayo. Sikuwa na kamusi ya kufungua. Nilikuwa na benchi.

Benchi la hoteli ile lilikaliwa na kila aina ya mtu. Tanboi aliyekulia Dandora, Mkamba wa lori la saruji, Msomali wa tangi la mafuta, Mkikuyu mwenye pikapu ya karoti, wazee wa Kitugen na Kikeiyo waliokuja na maziwa, mama Mjaluo aliyeteremka na gunia la omena kutoka Kisumu. Nikiuliza neno, lilipita mkono kwa mkono hadi mmoja akasema, "Hilo ni letu." Keja, tanboi akaeleza, ni chumba unachopanga, na limetoka kwenye neno la Kiingereza la kizimba cha ndege, na mkishalala watu wanne Mathare ndani ya futi kumi kwa kumi, hamuulizi kwa nini. Risto ni stori iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu, silabi ya nyuma ikawekwa mbele. Watoto wa pwani wamecheza mchezo huo miaka mingi na kuuita kinyume. Mzee mmoja wa maziwa alifurahia risto kuliko chai yake. Akaanza kugeuza majina ya ng'ombe wake.

Pesa ndiyo iliyokuwa na maneno mengi kupita yote, na hapo niligundua kwamba misimu ya nyimbo ina tarehe ndani yake. Noti ya shilingi mia tano iliitwa Jirongo. Ukimwuliza kijana wa leo atakwambia ni jina tu. Sisi tuliishuhudia ikibatizwa: uchaguzi wa 1992, kundi la Youth for KANU '92 chini ya Cyrus Jirongo likizunguka nchi na noti mpya mpya za mia tano, na wananchi wakaipa noti jina la mtoaji. Mwanamuziki Poxi Presha naye akaja na wimbo "Otonglo Time". Benchi likakwama hadi mama wa omena alipocheka. Otonglo, akasema, ni sarafu ya zamani ya senti kumi kwa Kijaluo. Nyanya yake alikuwa akimtuma dukani nayo. Sarafu ilikuwa imeshakosa thamani kabisa, hata ombaomba hangeinama kuiokota, na papo hapo jina lake lilikuwa limefufuka redioni likimaanisha mapesa.

Maneno mengine hayakuwa na mwenyewe benchini. Nameless, ambaye enzi hizo alikuwa mwanafunzi wa usanifu majengo Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa "Megarider". Tuliuimba wote. Wapo waliosema ni pikipiki kubwa. Mwingine akasema ni farasi wa sinema. Ilibidi tumngojee tanboi wetu wa Dandora arudi kutoka Malaba atuambie ni tiketi ya basi: Kenya Bus ya Nairobi ilikuwa na tiketi ya bei nafuu unayolipa mara moja ukapanda na kushuka utakavyo. Kijana anamwambia msichana hana gari, ana tiketi. Kwetu, ambapo matatu ikijaa unaning'inia mlangoni, nani angejua? Lakini tulipojua, wimbo uliongezeka utamu maradufu, kwa sababu sisi pia hatukuwa na gari, na hata tiketi hatukuwa nayo.

Mama aliporidhika kwamba tiketi si tusi, Megarider ikaruhusiwa.

"Manyake" haikuruhusiwa. Wimbo huo wa Circuit na Jo-El ulianzia kwa jirani yetu wa bucha. Alikuwa amesikia kwamba nyake ni nyama, jambo ambalo ni kweli: Sheng imechukua mwanzo wa neno, ikakata mkia, ikapachika mkia wake. Akaona hakuna tangazo bora kuliko hilo. Akauweka asubuhi hadi jioni, spika imeelekezwa barabarani, huku akikata mbavu za kondoo kwa mdundo. Tanboi mmoja akamnong'oneza mama kwamba nyama inayosifiwa pale haichinjwi. Inatembea kwa miguu miwili, imevaa sketi. Mama akavuka uwanja na mwiko mkononi. Sikusikia yaliyosemwa, ila najua jirani alikataa kuuzima. Wateja walikuwa wameongezeka.

Mwalimu wetu wa Kiswahili aliyachukia yote haya kwa jumla. Shuleni, aliyepatikana akiongea Sheng alivishwa kibao shingoni, na alikivaa hadi apate mwingine wa kumpokeza. Alitwambia Sheng inaua Kiswahili na kwamba tutafeli insha. Kuhusu insha alisema kweli. Watahini wa KCSE hawajaacha kulalamika hadi leo. Kuhusu kuua, nilimwona akikosea, ijapokuwa sikuthubutu kumwambia. Yeye alisikia Kiswahili kikipungua. Mimi kwenye benchi nilisikia kila jirani yangu akichangia.

Mfano ninaoupenda ni wa E-Sir. Jina lake halisi lilikuwa Issah Mmari, kijana wa South C, na Kiswahili chake kiliteleza mdomoni bila kigugumizi chochote. Alipotoa "Moss Moss", chini ya Ogopa Deejays, tulijua maana kutokana na jinsi ilivyoimbwa: taratibu, usiwe na pupa. Lakini neno limetoka wapi? Siku moja chai ya moto ilinimwagikia mkononi. Mama wa omena, aliyekuwa akihesabu chenji yake, akaniambia "mos" bila hata kuinua uso. Nikasimama pale mkono unawaka. Nikamwuliza amesema nini. Akasema, nimekwambia pole. Na mara mbili je? Mara mbili, akasema, ni polepole.

Mos, pole, mos mos, polepole. Kijaluo na Kiswahili, lugha zisizo za ukoo mmoja hata kidogo, zimetumia neno la kumfariji aliyeumia kumwambia pia mtu apunguze mwendo. Sijui kama mwimbaji aliliwaza hilo. Hakuhitaji. Neno lilikuwa limeshatembea kutoka ziwani hadi mitaa ya reli ya Nairobi, likazeeka huko, na vijana wa South C wakalikuta barabarani kama lao.

Tarehe 16 Machi 2003 E-Sir alifariki katika ajali ya gari, wakirejea Nairobi kutoka Nakuru, yeye na Nameless. Nameless alinusurika. E-Sir hakuwa ametimiza miaka 22. Habari ilitufikia kwa barabara hiyohiyo: matatu ya kwanza ya asubuhi ilisimama, kondakta akashuka, na badala ya kuita abiria akaja kumwambia mama azime redio. Mama alizima. Hakuuliza kama kuna matusi.

Lazima nirudi nyuma kidogo, hadi Desemba 2002, kwa sababu mwaka ule neno moja la wimbo lilifanya kazi ambayo sijaona neno jingine likiifanya. Gidi Gidi Maji Maji walikuwa wametoa "Unbwogable". Upinzani ukaungana chini ya NARC, ukauchukua wimbo, na nchi nzima ikawa inaimba. Sasa elewa Timboroa iko wapi. Tuko mpakani mwa Uasin Gishu na Baringo, nyumbani kwa Rais Moi, na KANU kwetu haikuwa chama tu, ilikuwa adabu. Matatu za kutoka Nairobi zilipanda mlima wimbo ukivuma, na zikikaribia kwetu kondakta akapunguza sauti. Hakuhofia polisi. Alihofia abiria wa kwetu waliokuwa wakingoja kupanda.

Mzee mmoja wa KANU, mteja wa miaka yote, aliingia siku moja na kofia yake ya manyoya, akaagiza chai, akauliza kwa sauti ya chini neno hilo lina maana gani hasa. Dereva Mjaluo akamfafanulia bila kuficha. Bwogo ni kutisha, kumshtua mtu. Mwanzo wa neno ni Kiingereza cha kukanusha, mwisho wake ni Kiingereza cha kuweza. Maana yake: mtu asiyetishika. Mzee akatafakari. "Kwa hivyo Mjaluo ameketi katikati ya Wazungu wawili." Benchi zima likacheka, naye akacheka. Akaongeza kwamba kwa Kikalenjin lisingewezekana, maana Wakalenjin hawajawahi kuketi kimya katikati ya mtu yeyote. Tarehe 30 Desemba Mwai Kibaki wa NARC aliapishwa kuwa rais Uhuru Park. Mzee yule alisikiliza sherehe nzima kwenye redio yetu, na wimbo ulipopigwa hakuomba ubadilishwe.

Sasa nifike kwa baba yangu, ambaye hadi hapa sijamtaja kwa kuwa hotelini hakuonekana sana. Baba alifanya kazi ya reli. Alikuwa katika kikosi cha kutengeneza njia: mtaimbo, nyundo, kokoto, mataruma ya chuma ambayo asubuhi za Timboroa yaling'ata ngozi ya kiganja. Hakupenda muziki wa redio, aliuita kelele za watu walioshiba. Kisha ukaja wakati wa Nonini na Jua Cali, na prodyuza Clemo wa Calif Records, na wakaupa muziki wao jina: genge. Jua Cali mwenyewe amejiita kwa fumbo. Jua kali la mafundi wa vibandani, likaandikwa kwa kuazima herufi za mtaa wake, California. Nilimweleza baba haya yote nikidhani namletea kitu kipya.

Akaweka kikombe chini. "Genge ni sisi," akasema.

Na ndivyo. Fungua kamusi ya Kiswahili utaona genge ni kundi la watu wafanyao kazi pamoja, vibarua chini ya nyapara. Kikosi cha baba kiliitwa genge tangu siku aliyoajiriwa. Wale vijana waliposema genge ni umati, watu wa kawaida, hawakubuni, walirithi. Usiku ule baba alizungumza kuliko nilivyowahi kumsikia. Alisema genge lilikuwa na nyimbo zake. Reli hainyanyuki kwa mikono ya mtu mmoja mmoja, hunyanyuka kwa pumzi, na pumzi hupangwa na wimbo: mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, chuma kinasogea. Na maneno ya nyimbo hizo yalikuwa mchanganyiko wa makusudi, Kiluhya kidogo, Kijaluo kidogo, Kikuyu, Kinandi, Kiswahili cha kuunganisha, ili nyapara asijue anasemwa yeye. Nikamwomba aniimbie moja. Akamtazama mama. Akasema hiyo haingepita sheria ya hoteli.

Kwa baba hata "harambee" ilikuwa ya genge. Kabla Mzee Kenyatta hajaifanya wito wa taifa mwaka 1963, ilikuwa sauti ya vibarua na wabeba mizigo wakivuta pamoja. Wapo wanaoapa kwamba ililetwa na Wahindi waliojenga reli, wakimwita mungu wao wa kike Amba. Watu wa pwani hushikilia kwamba ni yao na Wahindi waliikuta. Mimi naegemea upande wa pwani, kwa sababu hadithi ya Amba ni tamu mno, na asili ya neno ikiwa tamu mno mara nyingi imepikwa. Benchi letu lilipika nyingi. Tanboi mmoja alikuwa na asili tatu za neno karau, yaani polisi, kila safari mpya, na zote alizishuhudia yeye mwenyewe.

Februari 2004 sheria za Waziri John Michuki zilianza kazi: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa njano, abiria wa kuketi tu. Barabara ikawa salama kidogo na muziki ukashuka. Magari yaliyokuwa yakisikika yangali kwenye kona ya msituni sasa yalifika kimya. Kaseti nazo zilikuwa zinakwisha. Mimi nikaondoka kwenda Eldoret kutafuta maisha, ambako wazee wangali wanaiita Sisibo, yaani sitini na nne, nambari ya shamba la mzungu lililozaa mji. Hilo nalo lilikuwa msimu wa mtaani siku moja.

Kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, sitasema mengi. Barabara yetu ilifungwa kwa mawe na magogo, kutoka kwetu hadi Burnt Forest na mbele, na waliosimamisha magari walitaka kujua jina lako na lugha ya mama yako. Neno "madoadoa" lilikuwa limetumika kuwaita majirani wa makabila mengine. Lilikuwa Kiswahili sanifu kabisa, lingepita kwa mwalimu wetu bila kibao. Hoteli ya mama ilifungwa mwezi huo na haikufunguliwa tena.

Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona kuwa ya chuki. Madoadoa yalikuwemo. Lilikuwemo pia "hatupangwingwi", lililotoka katika "Sipangwingwi" ya Exray, Trio Mio na Ssaru, wimbo wa 2021 ambao kampeni ya William Ruto iliuchukua kama NARC walivyochukua ule wa 2002. Nilipoiona orodha nilishangaa kuyakuta hayo mawili yamelala kitanda kimoja. La kwanza tuliliona likifanya kazi yake. La pili ni kijana anayesema hapangiwi maisha, kitenzi "panga" kimetendwa, kimekanushwa na kuongezwa mkia wa kuchezea. Ni Unbwogable ya wajukuu. Aliyeyaweka pamoja alitazama nani anayaimba, hakuuliza benchi lolote.

Mpwa wangu husikiliza Mbogi Genje na wenzao, Sheng nzito ambayo mimi niliyekuwa mkaguzi wa matusi sitoki nayo hata mstari mmoja. Akitaka maana huandika neno kwenye simu, na jibu hupatikana: neno hili, maana hii. Huwa ni sahihi. Lakini jibu halisemi nani alilitoa kwao, lilipita mtaa gani, lilikuwa na bei gani mwaka gani. Otonglo kwenye simu ni pesa, basi.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mnaokusanya maneno haya, na mko wengi siku hizi: mkiandika maana, andikeni pia mlilisikia wapi, kwa nani na lini. Madereva, makanga na tanboi wa miaka ile wengi wako hai, wamestaafu Burnt Forest, Makutano, Nakuru na Dandora, na wafanyakazi wa magenge ya reli waliobaki ni wachache. Nendeni mkawaulize mwaka huu.